Gesi Inayopenda Maji

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza nao. Leo asubuhi nimefungua maabara nikakutana na harufu ya amonia. Nilikimbilia stoo huku najilaumu, nikidhani niliacha chupa wazi kabla ya likizo. Chupa imefungwa vizuri. Nikanusa sinki, nikanusa ndoo ya taka, nazunguka chumba kama paka aliyepoteza panya. Hamna kitu. Nilipofungua dirisha la nyuma ndipo ikanipiga puani. Inatoka upande wa pili wa ukuta, kiwanda cha barafu.

Mume wangu ni fundi wa mitambo ya baridi kiwandani hapo, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mitambo ile inapoza kwa kutumia amonia. Jioni nikamuuliza. Akacheka: "Mwalimu, kiwanda cha barafu kisichonuka kimekufa." Yeye huniita Mwalimu, nami humwita Fundi, tangu enzi za uchumba.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Hakuna harufu.

Ijumaa, 8 Machi

Somo la maumbo ya molekuli, lile linalowatoa wanafunzi jasho kila mwaka. Safari hii nimetumia maputo. Nimefunga manne pamoja kwa uzi, yakajipanga yenyewe, kila moja likikimbia wenzake mbali iwezekanavyo. Nikawaambia, hii ni methani. Kaboni katikati, haidrojeni nne pembeni, kila upande unavuta sawa, hakuna anayeshinda. Kwa hiyo molekuli haina ncha.

Kisha nikachukua puto moja kati ya yale manne nikaandika juu yake kwa wino: JOZI PWEKE. "Hizi ni elektroni mbili za naitrojeni ambazo hazijapata mchumba." Wakacheka. "Hazijashika atomi yoyote, lakini zinadai nafasi, tena kubwa kuliko walioshikana. Zinazisukuma haidrojeni tatu upande mmoja, molekuli inasimama kama kigoda cha miguu mitatu. Sasa mivuto haifutani. Juu kuna ncha hasi kidogo, miguuni chanya kidogo. Hiyo ndiyo amonia."

Mkono ukanyooshwa mstari wa mbele. Ni yule msichana tunayemwita Maswali, walimu na wanafunzi wote.

"Mwalimu, kaboni dioksidi nayo ina jozi pweke. Nimezihesabu, ziko nne. Mbona kitabu kinasema haina ncha?"

Nilitamani kumkumbatia. "Ziko wapi hizo nne?"

"Kwenye oksijeni."

"Za pembeni. Kaboni ya katikati haina hata moja, kwa hiyo hakuna wa kuipinda. Molekuli imenyooka kama rula. Oksijeni moja inavuta huku, nyingine kule, ngoma droo. Maji sasa, oksijeni ndiyo iko katikati, na ina jozi mbili. Yamepinda kama kiwiko. Ndiyo maana maji na amonia wanapendana. Wote wana ncha."

Mama yake Maswali anapakia barafu kwenye mifuko huko kiwandani, chini ya mabomba anayoyatunza mume wangu. Nilikutana naye sokoni mwaka jana, akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto ananimaliza kwa maswali, bora nikukabidhi."

Jumanne, 12 Machi

Harufu tena. Imekuja baada ya mvua kukatika, ikakaa kama robo saa. Fundi amerudi macho mekundu. Anasema ni vumbi. Vumbi, mvua yote hii!

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimefanya jaribio la chemchemi. Chupa ya kioo imejaa amonia, imegeuzwa mdomo chini, mrija umeshuka hadi kwenye beseni la maji. Unadondoshea matone machache ndani, gesi inamezwa na hayo matone, nafasi inabaki tupu, na maji ya beseni yanapanda mrija na kuruka ndani ya chupa kana kwamba yameitwa. Nilitia dawa ya rangi, yakaruka ya waridi. Darasa likapiga makofi. Nikawaeleza kwamba lita moja ya maji inaweza kumeza mamia ya lita za gesi hii, na yote ni kwa sababu ya umbo lile na ile jozi isiyo na mwenzake.

Maswali hakupiga makofi. "Mwalimu, jicho je? Si lina maji?"

"Jicho pia."

"Na koo? Na mapafu?"

"Hata hayo. Gesi inatafuta maji popote yalipo."

Nikatamani nisingejibu kwa sauti ya furaha vile.

Wakati wa chakula cha jioni nimemsimulia Fundi, nikitegemea acheke. Akaweka kijiko chini.

"Bomba kubwa la juu linavuja," akasema.

"Lipi?"

"La juu ya paa. Kutu imekula chini ya lile blanketi la kuzuia joto. Ukibonyeza kwa kidole, panabonyea."

"Mkaguzi hakuona?"

"Mkaguzi anasoma daftari. Daftari najaza mimi."

"Ukajaza nini?"

Hakunitazama. "Salama. Meneja alisema mitambo haisimami mpaka mvua ziishe. Akaniwekea kalamu mezani. Nikatia sahihi, Mwalimu. Wala sikupanda ngazi siku ile; nilipanda baadaye."

Nimeolewa na mtu anayerudi kuangalia mara mbili kama jiko limezimwa. Nimemtazama nikaona kama namwangalia mgeni aliyevaa shati la mume wangu.

"Usimwambie mtu," akasema. "Nipe hadi mwisho wa mwezi, nitamshawishi."

Nami nikasema sawa. Naliandika hapa lisipotee. Nilisema sawa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu wa shule. Ni mwanamke mwenye sauti ya rula inayogonga meza. Nimeomba mahali pa kukusanyika wakati wa hatari pahamishwe, kwani sasa ni uwanja wa mpira, na uwanja uko chini ya ukuta wa kiwanda.

"Sababu?"

"Harufu, Mkuu."

"Harufu si sababu, Mwalimu. Mimi nikiwapeleka watoto mia nne barabarani, bodi itataka karatasi. Una nini mkononi?"

Nilikuwa na kila kitu mdomoni. Nikasema sina. Akarudi kwenye faili zake. Nimetoka nikimwita moyoni mwanamke wa makaratasi.

Jumanne, 19 Machi

Nimepata wazo. Karatasi ya litmasi nyekundu ikilowanishwa hugeuka bluu ikikutana na amonia, au na besi yoyote. Nimebandika moja kwenye fremu ya dirisha la nyuma. Kila asubuhi nitabandika mpya, na ya jana nitaigundisha daftarini na tarehe.

Jumatano, 20 Machi

Nyekundu.

Alhamisi, 21 Machi

Nyekundu. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 22 Machi

Bluu kwenye ncha.

Jumatatu, 25 Machi

Bluu hadi nusu, kabla ya saa tano. Nimefunga dirisha, nikafunga na stoo, nikaenda kufundisha chumvi.

Jumanne, 26 Machi

Maswali kaniona nikibadilisha karatasi.

"Mwalimu, hii imegeuka. Kuna besi hapa?"

"Ni jaribio langu dogo."

"La nini?"

"Kaa kitini."

Miaka kumi na tano ya kufundisha, sijawahi kumjibu mtoto "kaa kitini" kwa swali la haki. Amekaa. Ameandika kitu daftarini mwake, na mimi nikaanza kumwogopa msichana wa miaka kumi na sita.

Jumanne, 2 Aprili

Mwisho wa mwezi umepita. Nimemuuliza Fundi, Meneja kasemaje. "Amesema nisimtie kiwewe." Kisha akatoa begini barakoa yake ya gesi akanionyesha kichujio. Muda wake ulikwisha miaka mitatu iliyopita. Anaivaa hivyo hivyo.

"Kwa nini unaivaa, basi?"

"Wapakiaji wakiniona nimeivaa, hawaogopi."

Nimeingia bafuni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia.

Alhamisi, 4 Aprili

Bluu yote. Karatasi nzima, kipindi cha pili hakijaisha.

Jioni nimemwambia Fundi kwamba kesho namwambia Mkuu, liwe liwalo. Alikuwa amekaa anavua viatu, akabaki na kimoja mkononi.

"Ukisema, kazi imekwisha. Na sahihi ile itanipeleka ndani."

"Na nisiposema?"

"Mke wangu, unadhani silijui hilo? Kila nikipita chini ya lile bomba nahesabu hatua. Ziko thelathini na moja." Nilikuwa nimemkasirikia wiki tatu nikidhani hajali. Kumbe alikuwa anaogopa kuliko mimi, saa nane kila siku, akiwa na kitu usoni kisichomkinga.

Akasema, "Nenda kaseme."

Jumamosi, 6 Aprili

Jana sikuandika. Naandika sasa, polepole, maana vidole vimevimba kwa maji na sabuni.

Nilifika shuleni saa moja na nusu nikiwa na daftari la karatasi za litmasi kwenye mkoba. Mkuu alikuwa na wageni wa bodi. Nikasema nitakwenda baada ya kipindi cha kwanza. Baada ya kipindi cha kwanza mlango wake ulikuwa wazi, nikamwona yuko peke yake, anakunywa chai. Nikapita. Naapa nilipita. Nilijiambia nitakwenda saa ya mapumziko, nikiwa nimepanga maneno vizuri.

Saa nne na robo, kabla ya mapumziko, kulisikika mlio kama tairi kubwa limepasuka, kisha mluzi usiokatika. Nilitazama dirishani. Juu ya ukuta ulikuja ukungu mweupe, mzito, ukamwagika upande wetu kama maziwa yaliyochemka. Kitabu kinasema amonia ni nyepesi kuliko hewa, nami ndivyo ninavyofundisha. Lakini ikitoka na ubaridi wake katika hewa ya mvua, inashikana na unyevu na kutambaa chini. Ilikuwa inatambaa.

Kengele ya hatari ikalia. Na watoto, kama tulivyowafundisha, wakaanza kukimbilia uwanjani.

Nilivua kitambaa cha kichwa nikakilowanisha kwenye sinki, nikawaambia darasa langu, "Lowanisheni chochote, leso, sweta, funikeni pua na mdomo, tokeni kwa geti dogo la bustani, msikimbie na upepo, ukateni!" Wakatoka. Nikakimbilia uwanjani. Mkuu alikuwa pale na kipaza sauti, anapanga mistari. Mbele ya mistari ukungu ulikuwa umefika kwenye goli.

"Ni amonia!" nikapiga kelele. "Mkuu, si hapa! Ni bomba la kiwanda, nilijua, nilijua tangu mwezi uliopita!"

Nilitarajia aniulize karatasi. Hakuuliza neno. Aligeuza kipaza sauti. "Shule nzima, kushoto! Geti la bustani! Mkubwa amshike mdogo!" Watoto mia nne wakageuka kama kundi la ndege. Nilikuwa nasukuma migongo, macho yananiwaka, kila pumzi ni sindano. Kwenye safu ya mabomba ya bustani nikafungua yote, nikawa nawashika vichwa mmoja mmoja na kuwaosha macho. "Fumbua! Fumbua, yaache maji yapite!" Maji yaliyokuwa yanaiita ile gesi machoni mwao ndiyo hayo hayo niliyokuwa nategemea yaitoe.

Mwalimu wa zamu akahesabu. Wamepungua wawili. Mtoto mmoja akasema waliomba ruhusa kwenda chooni. Vyoo viko ukutani kabisa.

Nilisimama. Nataka niandike ukweli. Nilisimama, sikuenda. Mkuu alichovya koti lake ndani ya ndoo, akajifunika kichwa, akaingia kwenye weupe ule akiwa na viatu vyake vya ofisini. Nilihesabu hadi tisini. Akatoka anawaburuta wawili, na mmoja wao alikuwa Maswali. Mkuu akafungua mdomo atoe amri, sauti ikawa haipo.

Nilipowakabidhi watoto kwa wauguzi nikakimbilia geti la kiwanda. Zimamoto walikuwa wanaelekeza mpira wa maji ndani, kwenye dimbwi la amonia lililotanda sakafuni. Fundi alikuwa amemshika mmoja wao mkono, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imetoka: "Msimwagie dimbwi! Mkilimwagia litachemka na kupanda lote! Nyunyizeni wingu! Wingu peke yake!" Wakamsikiliza. Wakafungua maji kama pazia la mvua, na pale yalipopita, weupe ukapungua, ukashuka, ukawa maji yanayotiririka mtaroni. Kwa macho yangu nimeona kile ninachochora ubaoni, lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa, kwa sababu mume wangu alikuwa anavaa mtungi wa hewa wa zimamoto.

"Vali ya kufunga iko nyuma ya kompresa ya pili," akamwambia mkubwa wao. "Humo ndani hamtaiona. Mimi naijua kwa kupapasa."

Aliniona. Akaingia.

Mluzi ulikatika baada ya dakika kumi na moja. Walimtoa wakimshikilia mabega, mikono imeungua kwa baridi ya vali, jicho la kulia limefumba.

Waliokuwa chini ya bomba ni wapakiaji sita. Watano walitoka wenyewe, wa sita alibebwa.

Jumapili, 7 Aprili

Wa sita alikufa alfajiri ya leo hospitalini. Ni mama yake Maswali.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekaa kando ya kitanda cha Fundi. Macho yote yamefungwa bandeji, na daktari anasema la kulia tusiliwekee matumaini. Mkaguzi amekuja na karani. Meneja keshaandika maelezo yake: hakuwa na habari, fundi alitia sahihi kwamba kila kitu ni salama.

Nilijua mume wangu angeweza kusema ameumwa, hakumbuki. Alisema, "Andika. Sahihi ni yangu. Sikupanda ngazi. Meneja alinipa kalamu, lakini mkono ni wangu." Karani akaandika. Nami nikatoa daftari la litmasi mkobani. "Mimi nilijua kuanzia tarehe kumi na tano," nikasema. "Hizi hapa zinaonyesha." Mkaguzi alifungua kurasa, nyekundu, nyekundu, bluu, bluu, akaniuliza nilimwonyesha nani.

"Hakuna mtu."

Akaandika hilo pia.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemtembelea Mkuu. Koo limeungua, haruhusiwi kusema, anaandika kwenye karatasi. Nimepiga magoti nikamwambia yote, na kwamba siku ile alipokuwa anakunywa chai nilipita mlangoni.

Akaandika: *Ulipokuja tarehe 18 ungeniambia sababu, ningehamisha shule nzima siku ile ile.*

Kisha akaandika tena, akaisukuma karatasi kwangu: *Na mimi nilipaswa kukuuliza mara ya pili. Niliona uso wako.*

Huyu ndiye niliyemwita mwanamke wa makaratasi.

Jumatatu, 22 Aprili

Shule imefunguliwa. Kiwanda kimefungwa kwa mnyororo. Bodi itaamua juu yangu muhula ukiisha. Maswali bado yuko kwa shangazi yake.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilikwenda nyumbani kwa shangazi yake saa kumi. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa watu. Shangazi akanikaribisha, akaniletea maji, akaenda kukaa jikoni. Maswali alikuwa na kikohozi kidogo kavu. Nikamwambia. Bomba, sahihi, karatasi za dirishani, tarehe, na siku nilipomwambia akae kitini.

Alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Nilijua ni kiwanda," akasema. "Niliandika kwenye daftari langu. Nikamwambia mama. Akasema, 'Mwalimu wako yuko hapo hapo jirani, tena mume wake ndiye fundi. Kungekuwa na hatari angesema.'"

Niliweka chini glasi ya maji.

"Mwalimu, aliumia muda mrefu?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu yeyote angenisamehe. "Ndiyo," nikasema. "Mpaka walipompa dawa ya usingizi, saa nane mchana siku ile. Baada ya hapo hakusikia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama anayepokea hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe. Nikanyoosha mkono, nikasema pole, mwanangu, pole sana. Akajisogeza nyuma.

"Kesho nitakuja darasani," akasema. "Mtihani ni wangu, si wako. Lakini usinipe pole tena. Wanipe wengine."

Ijumaa, 26 Aprili

Amekuja. Hakukaa mbele, amekaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, na ameuacha mlango wazi. Nimefundisha dakika arobaini. Hakunyoosha mkono hata mara moja, nami sikumwita. Kila nilipogeukia ubao nilisikia kikohozi chake, na nilikaa nimegeuka hivyo zaidi ya ilivyohitajika.